Alhamdu Ngapi Mpaka Lori Liwake

Walisema sitaweza. Nianze na hilo, rafiki yangu, kwa sababu wengi wa waliosema bado wako hai, na wakipita Kurasini wanalisoma jina langu juu ya geti. Walisema mtoto anayeziba masikio kila lori linapopigwa starti hawezi kuwa fundi wa malori. Walisema Ulaya wanakwenda kusoma watoto wa wakubwa, si mjukuu wa bibi wa vitumbua wa Temeke. Seremala mmoja wa Keko alicheka mpaka akaweka randa chini. "Huyu? Huyu sufuria ikianguka jikoni anakimbilia uvunguni!"

Basi huyo wa uvunguni amesoma. Stashahada yangu ya ufundi wa injini za dizeli imetundikwa ofisini ndani ya fremu ya mninga, na kiti cha mgeni nimekiweka mahali ambapo hata akitaka hawezi kukwepa kuiona. Nimefanya kazi Ujerumani kwenye karakana ambayo sakafu yake ilikuwa safi kuliko sahani za hoteli nyingi za hapa. Nimerudi kwa hiari yangu, sikufukuzwa wala sikuchoka. Leo lori lipigwe starti nyuma ya ukuta, mie nimekaa ndani, nitakwambia ugonjwa wake kabla fundi hajafungua boneti. Sijisifu. Waulize wenye makontena.

Lakini sikutaka nikusimulie karakana. Juzi asubuhi waliniletea lori kuukuu, la enzi zile, limekokotwa kutoka shambani kwa mtu upande wa Kongowe. Vijana wangu wakafunga betri mpya, mmoja akapiga starti. Injini ikazunguka. Ikazunguka. Moshi mweupe ukatoka kidogo kidogo, na lori halikuwaka. Vijana wakaanza kutazamana, maana wao wamezoea magari ya siku hizi, ukigusa tu limewaka. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Fundi wangu mkuu akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini:

"Bosi, unaongea na nani?"

"Siongei na mtu."

"Midomo yako inacheza."

Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nasoma Alhamdu, na kwamba nilikuwa nimeshafika ya pili. Chai ilikuwa imepoa mkononi. Nikamwambia asipige starti tena, aachie hapo hapo, lori hilo lirudishwe lilikotoka. Alinishangaa, kwa sababu kazi haijawahi kunishinda. Sikumweleza. Wewe nitakueleza.

Nyumba ya bibi ilikuwa Temeke, kwenye mtaa ulioteremka kuelekea bondeni. Ilikuwa ya vyumba sita, mbele matofali ya saruji, nyuma udongo. Mama yangu aliolewa tena Rufiji, mie nikabaki kwa bibi, na mjomba, mtoto wake wa mwisho, ndiye aliyekuwa baba yangu kwa kila kitu isipokuwa jina. Bibi alikuwa akiniita mume wake. "Mume wangu, kaniletee kuni." "Mume wangu huyu hanitunzi, hata khanga hajaninunulia." Alfajiri, baada ya swala, alikaa barazani na chungu cha vitumbua, na harufu ya hiliki na tui la nazi ilishuka mtaa mzima na kuamsha watu kabla ya jogoo.

Mjomba alikuwa dereva wa shirika moja la umma. Zama za ruksa zilipoingia na mashirika yakaanza kuuza vitu vyake, wafanyakazi wenzake walikimbilia viti na makabati. Yeye alilichukua mnadani lori lile lile alilokuwa akiliendesha. Lilikuwa limechoka. Rangi yake ilikuwa ya buluu mahali ambapo haijawa kutu. Lakini siku alipolileta nyumbani, bibi alilizunguka lote na chetezo cha ubani, akalipuliza moshi mpaka kwenye matairi, kama bibi harusi.

Sasa nikueleze jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelijua pale mtaani, mie nimelisomea. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia moto. Inaibana hewa mpaka hewa inapata joto kali, kisha inanyunyizia mafuta humo, nayo yanalipuka. Ringi za pistoni zikilika, hewa inavuja. Betri ikichoka, injini inazunguka taratibu, na hewa inapoa kabla haijafikia joto linalotakiwa. Ndiyo maana lori zee linaomba muda. Huwezi kulilazimisha, unalisubiri.

Sie tulikuwa tunaupima muda huo kwa Alhamdu. Bibi ndiye aliyeanza, wala hakukusudia kupima, alikuwa akimwombea mwanawe. Lakini mtaa mzima ukazoea kumsikiliza. Lori likitoka safari, bado lina joto, liliwaka kabla hajamaliza Bismillahi. Asubuhi ya kiangazi ilikuwa nusu Alhamdu. Asubuhi ya masika, Alhamdu nzima, na ikiisha halijawaka mjomba aliliacha lipumue, maana starta ikilazimishwa huungua. Kisha alianza upya, na bibi naye akaanza upya. Siku moja bibi alisoma, akasoma, akachoka, akajikuta ameingia kwenye dua za marehemu. Mjomba akatoa kichwa chini ya lori.

"Mama! Bado halijafa hilo!"

Watu walicheka siku nzima. Wanawake wakiteka maji kwenye bomba la jirani walikuwa wakiulizana, "Leo limekula ngapi?" Na jibu la swali hilo lilikuambia mambo mengi. Likila nusu, nyumbani kutakuwa na samaki. Likila tatu, bibi atapika mchicha na muhogo, na mjomba hatazungumza mpaka jioni.

Namna yenyewe ya kuliwasha ilikuwa hivi. Swichi ya ufunguo ilikufa tangu lilipokuwa shirikani. Mjomba aliingia ubavuni, chini, kati ya tairi la mbele na la nyuma, akaunganisha vichwa viwili vya starta kwa spana. Cheche ziliruka, ng'wee-ng'wee-ng'wee, lori zima likatetemeka. Breki ya mkono ilikuwa jina tu. Kilicholizuia lisiteremke ni jiwe kubwa chini ya tairi la mbele, upande wa pili, upande wa bondeni.

Na kulikuwa na desturi. Mjomba akishaingia chini, hakuna mtu kusema. Alikuwa anasikiliza. Alisema injini ikikaribia kushika hubadilisha pumzi, na hapo ndipo mkono usipotikisika inawaka, ukitikisika umepoteza. Kwa hiyo wapita njia walisimama. Muuza maziwa alishika kengele ya baiskeli yake isilie. Watoto wa madrasa walinyamaza. Hata shikamoo hakuna, na wewe unajua uzito wa kumpita mkubwa bila shikamoo. Injini ikiwaka, ndipo mtaa ulipopumua, na salamu zote zilizosubiri zikamwagika kwa pamoja: shikamoo mjomba, za asubuhi, umeamkaje nalo leo! Naye, kwa kuwa bado yuko chini, alikuwa akitoa mkono mmoja tu nje na kuupunga. Ule mkono ndio ulikuwa marahaba yake.

Mwaka mmoja akahamia mtaani mwalimu. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mashati yamepigwa pasi mpaka kwenye kola. Alipanga chumba cha mbele kwenye nyumba iliyotazamana na yetu, upande ule wa bondeni. Asubuhi yake ya kwanza alitoka na mswaki mdomoni, akaona watu wamesimama kimya, akaona aanze ujirani vizuri.

"Habari za asubuhi, ndugu majirani! Mmeamkaje?"

Mjomba akashtuka, spana ikateleza, lori likafa katikati ya pumzi. Mtaa mzima ukamgeukia.

"Mwalimu! Umeliua lori la watu!" jirani yetu mmoja, mpagazi wa bandarini mwenye sauti kama ya king'ora, akapaza. "Utalipa!"

"Nimesalimia tu, jamani."

"Salamu haichachi, baba," bibi akamwambia bila kuinua macho kwenye chungu. "Ingekusubiri."

Wakambandika jina: Mwalimu Kizimalori. Wanafunzi wake waliliokota siku hiyo hiyo. Hakukasirika. Alilicheka yeye kwanza, na baada ya wiki chache hakukuwa na mtu aliyeishika desturi yetu kama yeye. Alikuwa akisimama barazani kwake na kikombe, uso wa kanisani, na mtoto akikohoa alimtolea jicho. Akawa na kipimo chake pia.

"Bibi, leo limekula Baba Yetu moja na kidogo," alikuwa akisema akija kununua vitumbua.

"Hiyo Baba Yetu yenu ndefu au fupi?"

"Inategemea na anayesali. Padri wetu akiwa na njaa ni fupi sana."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho na pindo la khanga. Tangu siku hiyo vitumbua vya mwalimu vilikuwa vinawekwa pembeni, vimefunikwa, hakuna wa kuvigusa.

Nakumbuka asubuhi hizo, rafiki yangu, na nazikumbuka kwa pua zaidi kuliko kwa macho: dizeli, hiliki, vumbi lililolowa umande. Ningekuwa na uwezo ningekusimulia hapo hapo tu, nikaishia hapo.

Mjomba alikuwa akibeba mbao kuwapelekea maseremala wa Keko. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha, ndiyo iliyolipa karo yangu na kuezeka upya chumba cha bibi. Lakini milango ilikuwa imefunguliwa, na malori yalianza kushuka bandarini kutoka Uarabuni na Japani, yametumika lakini yanang'aa. Jioni moja mwanzoni mwa masika mkubwa wa maseremala alikuja nyumbani mwenyewe. Alikunywa maji, akasifu vitumbua, ndipo akasema.

"Braza, sie tunakuheshimu. Lakini mbao tunazitaka asubuhi. Wateja wanakuja na pesa, wanatukuta tumekaa na misumeno mikononi. Kuna jamaa ana lori la Dubai. Anagusa tu, limewaka."

"Hilo langu na lenyewe linawaka."

"Linawaka saa ngapi?" Akasimama, akavaa kofia. "Ukichelewa mara moja nyingine, mzigo anachukua yule. Usije ukasema sikukwambia."

Bibi aliendelea kuchambua mchele, lakini nilimwona anatupa mchele na kubakiza chuya. Tangu asubuhi iliyofuata Alhamdu yake ilibadilika sauti. Zamani aliisoma kama mtu anayembembeleza mtoto. Sasa alisoma kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo haifunguliwi. Na lori, kama lilisikia maneno ya yule seremala, likazidi kuomba muda. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, baridi ya alfajiri iliingia kwenye chuma, na betri iliyoazimwa kwa jirani wa bandarini ilikuwa nayo imeshachoka.

Asubuhi ninayotaka kukueleza mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Mtaa uling'aa tope. Mjomba alikuwa amevaa koti la nailoni, hakunywa chai. Nilikuwa nimekaa barazani karibu na bibi, magoti kidevuni, nikiota moto wa jiko lake. Alipiga starti mara ya kwanza. Bibi akasoma. Ng'wee-ng'wee-ng'wee, moshi mweupe, lori linatetemeka, Alhamdu ikaisha. Mjomba akaondoa spana, akaliacha lipumue. Katika kimya hicho akamwambia bibi maneno ambayo nayasikia mpaka leo, maneno ya kawaida kabisa:

"Mama, niwekee vile vya pembeni vilivyoungua."

Alikuwa anapenda vitumbua vilivyoungua.

Akaanza mara ya pili. Bibi akafumba macho, akasoma. Watu walikuwa wamesimama mahali pao, kila mtu anajua asubuhi ile ina nini ndani yake. Ng'ambo ya barabara nilimwona mwalimu, kikombe mkono mmoja. Akainua mkono wa pili. Nikadhani anafukuza nzi. Akafungua mdomo, akaufunga. Akatutazama sisi, akamtazama bibi aliyefumba macho, akatazama tena chini, mbele ya tairi, mahali ambapo sisi wa upande wa juu tusingeweza kuona. Kidole chake kilikuwa kinaonyesha ardhi. Midomo ilikuwa imebanwa kama ya mtu mwenye maji mdomoni. Na injini ikazunguka, na bibi akasoma, na mwalimu akasimama hivyo hivyo na kidole chake.

Udongo ulikuwa umelainika. Kila lori lilipotetemeka, jiwe lilikuwa linateleza kidogo. Hatukuliona. Yeye aliliona.

Kisha injini ikabadilisha pumzi. Ikashika. Moshi mweusi ukapanda, mtaa ukapumua, na salamu zikamwagika kama kawaida, vifijo na vicheko, na katikati ya salamu hizo mwalimu naye akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Jiwe! Jiwe!" Na kutoka chini ya lori nikauona mkono wa mjomba ukitoka, ukapunga, ukiitikia.

Lori likaondoka.

Yaliyofuata hapo sitakueleza. Nitakueleza tu habari ya injini. Lori liliteremka, likaegemea ukuta wa kibanda cha mkaa huko chini, likasimama. Wanaume wakamweka mjomba juu ya mlango uliong'olewa, pikapu ya mtu ikapatikana, wakakimbia naye hospitali. Na lori likaendelea kunguruma. Hakuna aliyejua kulizima. Kulikuwa na waya mjomba aliokuwa akiuvuta, mahali fulani chini ya dashibodi, na siri ya kuuvuta aliijua yeye peke yake. Jirani wa bandarini alipanda akabonyeza kila kitu. Honi ikalia. Vifuta mvua vikaanza kwenda huku na huku. Akashuka analia.

Lori ambalo kila asubuhi hatukuwa na uhakika kama litawaka, siku hiyo lilikataa kuzimika. Liliunguruma peke yake mvua iliporudi. Liliunguruma bibi alipoletewa habari kwamba mwanawe hayupo tena, na wanawake walilazimika kulia kwa sauti kubwa zaidi ili wasikike. Lilinyamaza lenyewe dizeli ilipokwisha. Na kimya kilichokuja baada ya hapo kilikuwa kibaya kuliko kelele.

Siku ya hitima mwalimu alikuja. Hakukaa na wanaume nje, alipita moja kwa moja mpaka mlangoni kwa bibi, akavua viatu, akapiga magoti, yeye na mashati yake ya pasi.

"Bibi, nililiona jiwe."

Bibi alimtazama. Niliogopa atakachosema. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mwalimu.

"Sie ndio tuliokufundisha kunyamaza, mwanangu."

Basi. Hakuna aliyemwita tena Kizimalori. Lori liliuzwa kwa watu wa chuma chakavu, walilikata vipande pale pale, kwa sababu lilikataa kuwaka na watu walikataa kulisukuma. Lakini desturi haikuuzwa nalo. Kwa miezi mingi, saa ile ile ya asubuhi, mtaa ulikuwa unanyamaza wenyewe. Muuza maziwa alifika mbele ya nyumba yetu, akashika kengele. Bibi aliacha kuchota unga. Tulikuwa tunasubiri, na kila mmoja alijua mwenzake anasubiri nini. Jirani wa bandarini aliapa kwamba siku za mvua anasikia starta. Watu wazima walimkataza kusema hivyo mbele ya watoto. Mie sikuhitaji kuambiwa, nilikuwa naisikia. Ndipo nilipoanza kuziba masikio.

Aliyenizibua ni mwalimu. Jioni alinikalisha barazani kwake, kwenye taa ya chemli, akanifundisha hesabu na fizikia bila kudai kitu. Alinifundisha joto ni nini, kani ni nini, hewa ikibanwa inafanyaje. Sikujua kwa nini anachagua hayo. Au nilijua. Alikuwa mkali, na hakuwahi kunitazama machoni lori lilipopita barabarani. Nilipofaulu kwenda sekondari ya ufundi, majirani walitaka kuchanga. Bibi akakataa, ugonjwa wa kiburi ni wa ukoo.

"Mume wangu hali sadaka," akawaambia. "Mkopesheni. Atalipa."

"Atalipa lini, bibi, huyu wa kuziba masikio?"

"Atalipa."

Basi wakakopesha. Maseremala wa Keko walikopesha sanduku la mbao na nauli. Jirani wa bandarini alikopesha godoro lake mwenyewe, akalala kwenye mkeka. Mwalimu alikopesha macho yake kwenye chemli, na baadaye, ulipokuja ufadhili wa kwenda Ujerumani, aliandika barua zote za Kiingereza zilizohitajika.

Huko Ujerumani, majira ya baridi ya kwanza, nilitolewa nje kabla jua halijachomoza kuwasha lori lililolala kwenye theluji. Niliingia, nikavuta pumzi, nikazungusha ufunguo. Likawaka. Hapo hapo, kama taa ya umeme. Mwalimu wangu wa kule alidhani naumwa, kwa sababu niliegemea usukani sikuweza kushuka. Nilikuwa sijafika hata kwenye Bismillahi.

Nimerudi nikiwa na nilichokifuata. Bibi sikumkuta. Ile nyumba imekuwa ghorofa, mtaa umewekwa lami, mteremko wenyewe umesawazishwa kiasi kwamba mpira wa mtoto hauviringiki. Hakuna anayemsubiri mwenzake asubuhi. Malori ya siku hizi yanawaka kabla hujajua kama una la kumwombea mwenye nalo, na watu wanasalimiana kwa simu wakiwa wanatembea. Niliwauliza vijana wa pale kama wamewahi kusikia habari za mtaa ulionyamaza. Wakaniuliza kama natafuta kiwanja.

Nilianza kulipa. Maseremala wa Keko niliwapa kazi ya milango yote ya nyumba yangu, na yule aliyeweka randa chini nilimlipa mwenyewe mkononi, nikamtazama machoni. Jirani wa bandarini nilimpelekea kitanda na godoro, na binti yake ndiye anayenitunzia hesabu za karakana. Aliyebaki ni mwalimu.

Nilimkuta Mabibo, amestaafu, anaishi na mkewe kwenye nyumba iliyo karibu na soko. Mkewe alinipokea, akaniambia kwa sauti ya chini nisishangae joto la mle ndani, mzee hataki dirisha la upande wa soko lifunguliwe, malori ya ndizi na mananasi yanamsumbua. Nikaingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mhandisi." Alikuwa amekonda, lakini kola ilikuwa imenyooka. Nilimwonyesha bahasha ya pesa, akaisukuma kando kama karatasi ya mwanafunzi iliyosahihishwa. "Hiyo mpe mama. Mie nina swali, na wewe sasa ndiye mtaalamu. Nimengoja mpaka umalize kusoma ndiyo nikuulize."

"Uliza, mwalimu."

"Ile mara ya pili. Starti ilichukua muda gani mpaka injini kushika?"

Nikaichukua bahasha, nikaigeuza mkononi.

"Mie nimeipima kwa Baba Yetu kila siku tangu siku ile," akasema. "Siku nyingine muda unatosha. Napiga kelele, anatoka, anakung'uta koti, ananitukana kwa kumzimia lori. Siku nyingine hautoshi. Mkumbuke bibi yako. Wewe ulikuwa umekaa karibu naye. Alifika wapi?"

Namkumbuka, rafiki yangu. Alikuwa amevuka nusu, alikuwa anaelekea mwisho. Nakijua kila kituo alichopita, nakisikia. Na vijana wangu wanaingia na kutoka chini ya malori siku nzima, najua mtu mwepesi anahitaji muda gani kujivuta nje. Anahitaji Bismillahi moja. Mjomba alikuwa mwepesi.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti ninayoitumia kwa wateja, "injini ile ilikuwa imeshapashwa moto na mara ya kwanza. Chuma kikishapata joto, mara ya pili inashika papo hapo. Hiyo ni fizikia, ulinifundisha mwenyewe. Bibi hakumaliza hata Bismillahi. Ungepiga kelele, sauti ingemfikia lori limeshaondoka."

"Mie naikumbuka ndefu."

"Hofu ndiyo iliyoirefusha. Nimewasha maelfu ya malori, mwalimu. Hapakuwa na muda."

Alinitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto, akitafuta kosa kama alivyokuwa akilitafuta kwenye daftari. Sikupepesa. Mwishowe akaegemea kiti, akashusha pumzi iliyotoka mbali, mabega yakashuka nayo.

"Kumbe," akasema. Kisha, "Joto la humu ndani! Nifungulie hilo dirisha, baba."

Komeo lilikuwa limeshika kutu, ikabidi nilipige kwa kiganja. Kelele za soko zikaingia zote, wapagazi, makuli wanaotaniana, lori linapakuliwa. Mkewe alisimama mlangoni na sinia la chai. Nikanywa, nikaaga, nikatoka Mabibo nikiwa sidaiwi na mtu yeyote.